Wolai hawali asubuhi ya kiangazi Ziwa Erie? Tafuta tatizo hapa kabla hujabadilisha chambo

Umeamka saa nane usiku, umejaza barafu, saa kumi na moja alfajiri boti iko majini pale Lorain, mji wa Ohio ufukweni mwa ziwa, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili wewe tayari uko maili sita nje, maji futi 40 na kitu, ziwa linapendeza kweli. Alafu inafika saa nne hamna kitu. Boti ya jirani wanapandisha samaki mmoja baada ya mwingine na chambo wanachotumia ni kilekile ulichonacho wewe. Hapo ndo watu wengi wanaanza kufungua maboksi na kubadilisha rangi, zambarau, shaba, kijani, kila dakika tano rangi mpya, na asubuhi inaisha hivohivo.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu tulio huku Ohio na Pennsylvania, maana najua tupo kibao, wa Mwanza na Musoma, wa Kisumu, wa Uvira, wa Kigoma, watu wa maziwa ambao uvuvi uko kwenye damu lakini hili ziwa na huyu samaki ni wageni kwetu. Samaki mwenyewe ni walleye, tukiongea wenyewe tunamwita wolai. Sura yake itakukumbusha sangara mdogo mwembamba, mgongo wa dhahabu na kijani, meno makali, na jicho kubwa limefifia kama la mtu mwenye mtoto wa jicho. Hilo jicho ndo ufunguo wa mambo mengi huko chini kwa hiyo lishike.

Kanuni moja kabla ya yote: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha kina, spidi na rangi kwa mpigo ukapata samaki hutojua kilichomleta, na ukikosa hutojua pia. Na mpangilio wangu wa kubadilisha ni huu, kina kwanza, kisha spidi, kisha mwelekeo wa boti, rangi mwisho kabisa.

Skrini imejaa samaki lakini fimbo zimetulia

Hili ndo tatizo namba moja na mimi naamini zaidi ya nusu ya asubuhi mbaya zinatoka hapa. Unaona kwenye sona (kile kifaa cha kuonyesha samaki chini ya boti) matao, yaani alama za samaki, yamekaa futi 22, 25, chini ni futi 42, unasema sawa samaki wapo, unashusha mkufu wa minyoo (mshipi mfupi wenye vibati vya kuzunguka na ndoano za kushika mnyoo), unakokota, kimya.

Chanzo: unapita chini yao. Wolai macho yake yanatazama mbele na juu, anakula kwa kupanda. Kitu kikipita futi tano juu ya kichwa chake anakiona kikikata mwanga wa juu na anakifuata, ila kikipita futi tano chini ya tumbo lake kwake ni kama hakipo. Sisi tuliozoea kutega migonzo ya sangara karibu na chini, au tuliofundishwa na vitabu vya maziwa madogo kwamba wolai ni samaki wa chini, tunashusha mno. Kwenye Erie katikati ya kiangazi wengi wao wanaelea kati kwa kati wakifuata makundi ya visamaki vidogo, chini hawana shida napo.

Dawa: soma kina cha samaki kwenye skrini, ondoa futi 3 hadi 5, hapo ndo chambo kipite. Samaki wako 25, wewe pita 20 au 22. Ukikosea, kosea kwa kwenda juu.

Lakini hapo kuna tatizo la pili limejificha ndani ya la kwanza, nalo ni kwamba watu wengi hawajui chambo chao kiko kina gani, wanakisia. Kama rili yako haina kihesabu cha mshipi, kile kinachoonyesha umeachia futi ngapi, nakushauri ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu nunua hiyo, iache boksi la rangi mpya. Alafu jipime mwenyewe: nenda sehemu tambarare unayojua ni futi 25, kokota kwa spidi yako ya kawaida, achia mshipi kidogo kidogo mpaka chambo kianze kugusa chini na ncha ya fimbo iwe inadunda, andika namba. Hiyo sasa ni namba yako ya futi 25, kwa chambo hicho, chubwi hiyo, mshipi huo na spidi hiyo. Ukibadilisha kimojawapo pima tena. Inachukua nusu saa na itakusaidia miaka.

Kuna asubuhi moja ya mwezi wa saba tulikuwa watu watatu, fimbo sita, zote nimeziweka futi 35 maana niliona matao huko nikang'ang'ania. Masaa mawili bure. Rafiki yangu wa Uvira alisahau kusetia kihesabu chake sifuri, kwa hiyo mkufu wake ulikuwa juu sana, karibu futi 18, na huo ndo uliopigwa, ukapigwa tena, ukapigwa mara ya tatu. Tukapandisha zote, kufika saa tatu tulikuwa tumemaliza. Yale matao ya futi 35 niliyoyakazania yalikuwa shipshedi, samaki wengine kabisa, nitawafikia baadae.

Skrini tupu kabisa

Hapa kuna sababu tatu na zinataka majibu tofauti kwa hiyo usikurupuke.

Ya kwanza ni kwamba wapo ila wanaikimbia boti. Maji ya Erie siku hizi ni meupe kuliko zamani, kome wadogo wenye mistari ya pundamilia waliingia humu miaka ya 1980 mwishoni wakaanza kuchuja ziwa. Samaki aliyeko futi 10 au 15 anaisikia injini na kuona kivuli, anasogea pembeni, na sona inaona tu koni nyembamba chini ya boti, juu karibu na uso koni yenyewe ni finyu sana. Kwa hiyo skrini tupu haimaanishi maji matupu. Dawa ni vile vibao vya pembeni vinavyoubeba mshipi mbali na boti, futi 60 mpaka 100 kila upande. Kama huna vibao, zima injini kubwa, elea na upepo, rusha mbali chambo na ukirudishe polepole.

Ya pili, wamehama kweli. Wolai wa Erie wengi wanataga masika, mwezi wa tatu na wa nne, huko magharibi kwenye miamba na kwenye mito kama Maumee na Sandusky. Upande huo maji ni ya kina kifupi, wastani futi 24 tu, kiangazi kikianza yanapata joto haraka, na samaki hasa majike wakubwa wanaanza safari ya mashariki kufuata maji ya ubaridi na chakula. Kwa hiyo yule mtu aliyekwambia mwezi wa tano walikuwa wamejaa karibu na Toledo hajakudanganya, ila wewe unaenda mwezi wa nane. Kadri kiangazi kinavyosonga, wakubwa watafute Lorain, Cleveland, Ashtabula, mpaka Erie ya Pennsylvania. Wadogo wengine wanabaki magharibi, ukikosa usafiri wa mbali hao ndo wako.

Ya tatu ni ya sehemu ya kati ya ziwa, na ni muhimu kuielewa. Kiangazi maji yanajigawa tabaka, ya vuguvugu juu, ya baridi chini, na katikati yake mstari wa mabadiliko ambao Agosti mara nyingi uko kama futi 45 hadi 55. Tabaka la chini ni jembamba, halichanganyiki na hewa, mwani unazama na kuoza huko na kula oksijeni, kwa hiyo mwisho wa kiangazi sehemu kubwa ya chini ya Erie ya kati inakuwa haina hewa ya kutosha samaki. Ukishusha chambo futi 60 katika maji ya futi 65 mwezi wa nane unavua mahali ambapo samaki hawezi kukaa. Ongeza unyeti wa sona uone ule mstari hafifu unaokata skrini, hapo ndo sakafu yako mpya, vua juu yake. Na upepo mkali wa siku mbili unaweza kuyasukuma haya matabaka, maji ya baridi yakapanda ufukweni usiku mmoja, jana ulijaza kreti leo hamna hata mmoja. Usibaki hapo kwa sababu ya jana. Angalia joto la maji, ukitafuta wolai tafuta nyuzi 18 mpaka 22 za selsiasi.

Walikula vizuri mpaka saa moja na nusu, jua lilivyopanda wakaacha

Nyuma ya mboni ya wolai kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama jicho la paka ukimulika tochi. Kwa hiyo kwenye giza nusu yeye anaona na kisamaki anachokiwinda hakioni, faida yote iko kwake, ndo maana alfajiri anakula kwa fujo. Nyumbani tunavua dagaa usiku wa giza kwa taa za karabai, mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika, hii ni akili ileile, mwanga ndo unapanga ratiba.

Kwa hiyo jua likipanda tatizo si kwamba wameshiba. Mara nyingi wameshuka. Fuata mwanga: kila nusu saa shusha futi 3 hadi 5 mpaka uwapate tena, na usahau kidogo ile namba iliyokupa samaki alfajiri maana hapo ndo watu wanakwama, wanabaki na namba ya alfajiri mpaka saa tano. Pia refusha umbali wa chambo kutoka kwenye boti, na mita moja na nusu ya mwisho tumia mshipi wa flurokaboni maana hauonekani sana.

Ziwa likiwa kama kioo, bila hata kiwimbi, hali inakuwa ngumu zaidi kwa sababu mwanga unapenya moja kwa moja. Wenyeji wa huku wanafurahi wakiona viwimbi vya futi moja mpaka mbili, na wana sababu, uso wa maji uliovunjika unatawanya mwanga na kuficha boti. Kukiwa shwari kabisa nenda ulikoona maji yana ukungu kidogo, mpaka wa maji machafu na masafi ni mahali pazuri sana pa kukokota.

Rangi nayo iko hapa, si mwanzoni. Macho ya wolai yanashika vizuri kijani na rangi ya machungwa kuelekea nyekundu. Alfajiri mimi naanza na dhahabu au shaba na machungwa, jua likiwa kali naenda fedha na zambarau. Hiyo zambarau siwezi kukueleza sababu ya kisayansi, ni mazoea tu ya ziwa hili na yamenilisha.

Anagusa, hashiki, mnyoo unarudi nusu

Anaukata mkia. Mnyoo wako ni mrefu mno kupita ndoano ya nyuma. Kata ubaki inchi moja tu inayoning'inia, au ongeza kandoano kadogo nyuma. Ukiona ncha ya fimbo inagongwa gongwa usivute kwa pupa, ukiishika mkononi irudishe nyuma kidogo kama unampa, hesabu moja mbili, ukihisi uzito ndo uinue. Kama bado, punguza spidi, mkufu wa minyoo unataka maili 1 hadi 1.5 kwa saa, ukiuburuza kwa 2 mnyoo unazunguka kama propela na mshipi wote unajisokota. Weka kizungusho kizuri juu yake, kile cha bei rahisi kikiota kutu hakizunguki.

Samaki ni wengi ila ni shipshedi na pechi weupe tu

Shipshedi ni yule wa rangi ya kijivu mwenye mgongo wa nundu, ukimtoa anakoroma, na kichwani ana mawe mawili meupe kama pembe za ndovu ambayo watoto wanayapenda. Anapigana vizuri ila siye tuliyemfuata. Ukiwapata watatu mfululizo ujumbe ni mmoja, uko chini sana. Panda futi 8 au 10 kwa mpigo. Pechi weupe wakikumalizia minyoo, weka minyoo pembeni kabisa na utumie vijiko vya chuma au samaki bandia, ongeza spidi mpaka maili 2 au zaidi, utapigwa mara chache lakini na unayemtaka.

Ukienda magharibi wanakula, ukigeuka mashariki kimya

Hili liliwahi kunisumbua msimu mzima. Jipiesi (GPS) inaonyesha maili 1.3 kwenda na kurudi kwa hiyo unadhani spidi ni moja. Lakini jipiesi inapima mwendo juu ya ardhi, na huko chini maji yenyewe yanatembea. Ukienda nayo chambo kinakwenda polepole kuliko unavyodhani na vibati havizunguki, ukienda dhidi yake vinaenda kasi mno na chambo kinapanda. Usiamini skrini, amini fimbo: ncha ikiwa inatetemeka kwa mapigo sawasawa vibati vinafanya kazi. Itazame ikiwa inakula, ikariri hiyo tetemeko, ukigeuka rekebisha injini mpaka uione tena hata kama namba ya jipiesi imekuwa 1.8. Na kama upande mmoja unakataa kabisa, toa mishipi, rudi mwanzo wa njia, pita tena upande uliokubali. Mafuta yanaenda kidogo, ndiyo.

Kona pia zina habari. Ukikata kona mshipi wa ndani unapungua spidi na kushuka, wa nje unaongeza na kupanda. Ukipigwa wa ndani wanataka polepole au chini zaidi, wa nje kinyume chake.

Mwezi wa sita, wadudu kila mahali, samaki hawataki kitu

Ni mayfly, wale wadudu wenye mabawa wanaotoka ziwani kwa mamilioni mwezi wa sita na mwanzo wa saba, wanajaa kwenye taa za barabara na rada ya hali ya hewa inawaona kama mvua. Wanakaa tumboni mwa matope kama miaka miwili alafu wanapanda wote kwa pamoja, wolai anawala wakiwa njiani na tumbo linajaa bila kukimbiza kitu. Usihangaike na samaki bandia mkubwa, weka ndoano ndogo na nusu ya mnyoo, au ruba, nenda polepole kabisa karibu na matope. Hapa peke yake ndo nakwambia shuka mpaka karibu na chini kabisa.

Mshipi umejaa ute mweupe kama pamba iliyolowa

Ni viroboto wa maji wenye mkia wa mwiba, wageni nao hawa, wanakuja zaidi kati na mashariki ya ziwa joto likikolea. Wanaziba pete ya mwisho ya fimbo mpaka huwezi kuvuta samaki wako ndani. Mshipi mwembamba ndo wanaupenda, tumia mnene wa nailoni ratili 30 kwenye fimbo za sahani za kuzamia (zile zinazovuta chambo kwenda chini), na kila dakika 20 vuta usafishe. Hakuna njia ya mkato hapo.

Ameshikwa, amefika karibu na boti, amechomoka

Mdomo wa wolai una sehemu laini, ukimvuta kwa nguvu tundu linapanuka. Mshipi wa kusuka hauvutiki kabisa kwa hiyo kila mtikiso wa kichwa unafika kwenye ndoano, fungua breki ya rili kidogo au tumia nailoni. Usiipampu fimbo juu chini, vuta mwendo mmoja. Boti isisimame ghafla. Na neti inaingia majini kabla samaki hajafika, anaongozwa kichwa kwanza, usimfuate nyuma na neti kama unakimbiza kuku. Ndoano ijaribu kwenye ukucha, ikiteleza bila kung'ata inole au itupe.

Upepo umeanza, hujui ubaki au urudi

Rudi. Erie ndo lenye kina kifupi kuliko maziwa makuu yote ya huku, na kwa sababu hiyo mawimbi yake yanainuka haraka, mafupi na yamesongamana, futi nne za Erie zinapiga boti ya futi 18 vibaya sana. Sisi tuliokulia Victoria tunajua dhoruba inavyokuja bila hodi, msijidanganye kwamba huku ni tofauti kwa sababu kuna simu na utabiri. Soma utabiri wa mawimbi usiku kabla ya kulala, ukisema futi tatu na boti yako ni ndogo, lala. Boya mvae, msilikalie. Watoto chini ya miaka 10 kwenye boti fupi kuliko futi 18 sheria ya Ohio inataka wavae muda wote, mimi kwenye boti yangu kila mtu anavaa hata mzee.

Na leseni, kuanzia miaka 16 lazima uwe nayo. Ohio upande wa Erie umekuwa ukiruhusu wolai 6 kwa mtu kwa siku, asiyepungua inchi 15, lakini angalia kila msimu na kila jimbo maana mpaka wa Pennsylvania huuoni ukiwa majini.

Umefika nyumbani, nyama imelegea na ina harufu

Tatizo ni saa mbili za mwanzo baada ya kumtoa. Kuwatundika samaki kwenye kamba pembeni ya boti katika maji ya joto la mwezi wa saba ni kuwaua polepole. Mkate koo palepale damu itoke, alafu ndani ya kreti yenye barafu na maji kidogo ya ziwa, barafu peke yake bila maji inaacha nafasi za hewa. Ukiona maji ya kijani kama rangi iliyomwagika, hasa huko magharibi kuanzia mwezi wa saba, usiyatumie kabisa kuoshea samaki wala mikono, huo mwani unaweza kuwa na sumu, Agosti 2014 wakazi kama laki nne wa Toledo na kando yake waliambiwa wasinywe maji ya bomba karibu siku tatu kwa sababu yake. Osha nyumbani. Minofu ikaushe na taulo, ndimu, chumvi, pilipili manga, mafuta yawe ya moto kweli kabla hujaweka, na kichwa usitupe, mashavu ya wolai mkubwa ni nyama ya kumpa mgeni.